Kipa Asiyepaza Sauti

Glenwood, Durban
9 Machi 2025

Baba, shikamoo. Mpe na Mama shikamoo yake.

Boniface amefika salama. Najua alipiga simu, lakini simu kwako ni ya salamu na misiba, kwa hiyo yaliyobaki nayaandika. Barua hii inakuja na Mama Ernestina, yule anayenunua nguo hapa na kuzipeleka Mbeya kwa basi. Ameahidi kuifikisha Tukuyu kwa mkono wake.

Nilifika uwanja wa ndege mapema mno. Kazini nilikuwa nimeomba ruhusa kwa mdomo, kisha kwa maandishi, kisha kwa mdomo tena, maana sikuwa na hakika kama bosi alinielewa au alinyamaza tu. Abiria walipoanza kutoka nilimtafuta mtoto wa sekondari niliyemwacha stendi siku ile naondoka, na nikampita. Yeye ndiye aliyeniita, "Dada," kwa sauti ndogo, nyuma ya bega langu. Baba, amenizidi kichwa kizima. Koti lake lilinuka moshi wa jikoni kwetu. Nililishika kola nikajifanya namnyoosha.

Klabu ilileta gari. Wachezaji vijana wanakaa pamoja huko Westville, mtaa wa miti mirefu ambako ukionekana unatembea kwa miguu watu wanadhani umepotea. Mimi chumba changu kiko Glenwood, kazi iko Jacobs kwenye viwanda. Nilikuwa nimejiambia kwamba nikipata ndugu mjini tutakula pamoja kila jioni. Nitakuwa namwona Jumapili, mazoezi yakiruhusu.

Gazeti la hapa limemwandika. Kwenye drafti, yaani siku ile timu za ligi ya magongo zinapochagua vijana kwa zamu, yeye alikuwa wa tatu kutajwa, na kipa pekee katika raundi ya kwanza. Wamemwita "ukuta kutoka milimani". Nimemkatia kipande hicho, akakikunja bila kukisoma akakitia mfukoni.

Kila kitu ni kizuri. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, si kwa sababu ya kuwatuliza.

Mwanao,
Bupe


Tukuyu
21 Machi 2025

YAH: KUPOKEA BARUA YAKO NA HALI YA HUKU

Bupe binti yangu,

Marahaba. Mama yako anasema umekonda. Nimemwambia barua haionyeshi mwili, akasema yeye anaona.

Huku kuna mvua na kuna jina la mdogo wako. Mchungaji amelitangaza kanisani baada ya matangazo ya ndoa. Kinyozi wa sokoni ameweka picha yake ukutani na sasa anadai ndiye aliyemnyoa tangu utotoni, jambo ambalo si kweli, nilikuwa namnyoa mimi. Watoto wamekata matawi ya mibuni wanapiga magongo barabarani, na wenye mibuni wanakuja kulalamika kwangu, kana kwamba drafti niliifanya mimi.

Mwalimu Rhoda, aliyemfundisha mchezo huu kwenye uwanja wetu wa changarawe, ana kompyuta yenye intaneti. Mechi atatuonyesha katika ukumbi wa kanisa. Mazoezi ya kwaya yamehamishiwa Ijumaa, na wapo wanakwaya wasioniamkia tena.

Mama yako amekwisha chagua jogoo wa Krismasi, maana Boniface aliahidi kuja Desemba. Usimwambie habari ya jogoo, asije akaona ni mzigo.

Nina swali moja. Huko Westville amefikia kwa nani? Umeandika "klabu". Klabu si mtu. Nataka mtu mwenye jina.

Baba yako,
Asajile Mwasyoge
Karani Mstaafu, Mahakama ya Mwanzo


Westville, Durban
5 Aprili 2025

Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima. Barua hii nimempa dada aiunganishe na mzigo wa Mama Ernestina.

Uwanja wa hapa ni wa buluu, nyasi za bandia, na kabla ya mechi wanaumwagilia maji. Mpira unakimbia juu yake kama kipande cha sabuni bafuni. Mwalimu Rhoda angecheka. Kule kwetu nilikuwa naona mpira ukirukaruka kwenye changarawe nikajua utakapofika. Hapa ukiuona umeshafika.

Nahodha wetu ni Bwana Mkhize. Ana umri wa miaka thelathini na nne na watoto watatu. Mabeki wanaocheza mbele yangu wote ni watu wazima. Wananitunza, ila hapa watu wanapiga kelele sana, hata wakiwa hawajakasirika.

Mechi za kwanza kocha amenipumzisha ili nizoee hali ya hewa. Yuko kipa mwingine, Keegan, mwenyeji wa hapa hapa. Ni mtu mwema, alinifundisha kufunga pedi zao mpya. Mwambieni Mwalimu Rhoda asichoke kuangalia.

Wenu mtiifu,
Boniface


Glenwood, Durban
19 Aprili 2025

Baba, shikamoo.

Nakuandikia upesi, Mama Ernestina anafunga mizigo. Boniface alikuja Jumapili. Nilipika ndizi, si kama za Mama, ndizi za hapa zinapikwa zinakataa kulainika. Alikula zote. Mwenzangu wa chumba, Marie-Claire, Mkongomani anayesuka nywele saluni, alimtania kwamba anakula kama mtu anayesomewa hukumu, kimya na kwa kuinamisha kichwa. Alicheka kidogo.

Mmeona hajacheza bado. Msiwe na wasiwasi. Kocha anamhifadhi kwa mechi ngumu. Ndivyo wanavyofanya kwa vijana wa raundi ya kwanza.

Kuhusu swali lako la nani amempokea, nitauliza. Sijui nimuulize nani. Nikipiga simu ofisini kwao naambiwa nitaje jambo langu, na nikilitaja linasikika dogo.

Baba, huku sasa jioni zinaingia mapema na kuna ubaridi kidogo. Si kama wa Tukuyu, lakini nikifungua dirisha asubuhi kuna dakika moja ninapodhani ni ule wenyewe. Karatasi zangu za ukaazi bado hazijatoka. Nikiondoka kabla hazijatoka naweza kuzuiwa kurudi, ndiyo maana siji. Sijasahau njia. Nataka mlijue hilo.

Mwanao,
Bupe


Tukuyu
2 Mei 2025

YAH: MECHI YA JUMAMOSI

Bupe,

Marahaba. Tuliiona. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye viti vya wazee wa kanisa. Jina lake liliposomwa, mama yako alisimama akapiga vigelegele, na Mwalimu Rhoda akashindwa kusikia mtangazaji.

Alifungwa matano.

Si mabao yaliyonishughulisha. Kuna kipaza sauti nyuma ya goli, nadhani, kwa kuwa tuliwasikia wachezaji waziwazi. Kipa wa upande wa pili alikuwa akibweka kama mbwa wa mlinzi tangu mwanzo hadi mwisho. Kila beki wake alipotaka kusogea, ameshaambiwa. Upande wetu kulikuwa kimya. Nilimuuliza Mwalimu Rhoda kama kompyuta imeharibika. Akasema, "Mzee, kompyuta ni nzima. Ni Boni ndiye asiyesema. Kipa peke yake anaona uwanja wote. Asiposema, wenzake wanacheza vipofu." Nikamuuliza mbona hakumfundisha kusema. Akajibu kwamba hapa alicheza na wenzake wa darasa moja, na alikuwa akiwapigia kelele mpaka majirani wanafunga madirisha.

Watu walitoka bila kuniaga vizuri. Kinyozi aliniambia pole, kama nimefiwa.

Sasa nisikilize. Nimekaa miaka mingi nikiandika maneno ya watu waliosimama kizimbani. Wewe uliniandikia kwamba kocha anamhifadhi. Mtu husema hivyo juu ya mbegu, hasemi juu ya kipa. Sikugombezi. Lakini niandikie upya, na safari hii andika kama vile mimi ni mtu mzima ninayeweza kubeba.

Baba yako,
Asajile Mwasyoge


Glenwood, Durban
13 Mei 2025

Baba, shikamoo.

Nimeichana barua hii mara kadhaa. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Wapo makipa wawili na klabu itabaki na mmoja. Mwisho wa Juni kocha ataamua. Akiachwa Boniface, kibali chake kinakwisha pamoja na mkataba, na atarudi nyumbani kabla ya jogoo wa Mama kunona. Kocha amesema mbele ya wote kwamba kijana ana mikono lakini hausomi mchezo.

Si kweli, Baba. Alikuja hapa baada ya mechi ile, akakaa sakafuni akanipangia vikombe vya Marie-Claire, akanionyesha kila bao lilivyoanza. La pili aliliona tangu mpira ukiwa upande wa pili wa uwanja. Nikamuuliza, "Boni, sasa kwa nini hukuwaambia mabeki?"

"Niliwaambia."

"Uliwaambiaje?"

"Nilisema, kaka, samahani, kushoto. Kwa Kiingereza."

"Wakasikia?"

"Wote ni kaka, dada. Nikisema kaka wanageuka watatu, au hageuki mtu."

"Si uwaite majina?"

Akaniangalia kama nimemwambia avue nguo barabarani. "Nimwite nahodha Sizwe? Ana mtoto anayeanza sekondari. Nimwambie Sizwe rudi, Sizwe amka? Na yule beki mwingine, Bwana Pillay, ana mvi. Dada, Baba angekuwa amekaa hapo kitandani, ungeniambia hivyo?"

Nisingesema, Baba. Mimi mwenyewe ofisini wenzangu wote wanamwita bosi Craig, na mimi kwa miaka hii yote sijawahi kumwita lolote. Nikimhitaji nazunguka meza mpaka anione.

Akaendelea, "Kwenye mazoezi najiambia kesho nitapiga kelele. Nikivaa helmeti nafungua mdomo. Halafu beki anageuka, naona uso wa mtu mzima, sauti inarudi ndani yenyewe. Wanadhani naogopa mpira. Siogopi mpira."

Marie-Claire alikuwa anasikiliza huku anakunja nguo. Akasema, "Ule mutoto iko na heshima mingi, lakini heshima haizuiye mupira. Weye Bupe, uende uongee na chef wao, ule nahodha."

Nikamwambia siwezi. Akauliza, "Unaogopa nini? Watakula weye?"

Baba, naogopa. Naogopa kwamba nikisema vibaya nitamwongezea aibu. Na kuna jambo jingine ninaloliogopa kuliandika: usiku ule alipoondoka niliwaza kwamba akiachwa atarudi kwenu, atakaa jikoni na Mama, na mimi nitabaki huku. Nilimwonea wivu kwa kushindwa.

Mwanao,
Bupe


Tukuyu
24 Mei 2025

YAH: BARUA ILIYOAMBATANISHWA

Bupe,

Marahaba. Umeandika vizuri.

Sikulala vema kwa neno lako moja, kwamba mtoto ana "klabu". Niliuliza tangu mwanzo amefikia kwa nani, kisha nikaliacha swali langu lipoe. Wewe ulipokwenda kusoma, nilikushika mkono nikakukabidhi kwa Mama Scola wa Dar es Salaam, akakukabidhi kwa dada yake huko. Boniface nilimpandisha basi. Watu walikuwa wengi, wanampiga picha, nami nikaona fahari nikasahau wajibu.

Barua hii ni ya nahodha. Iandike kwa Kiingereza kizuri, halafu umpe zote mbili, yangu na yako, kwa mkono wako. Usiitume kwa posta. Usimpe Boniface aipeleke. Mtoto hajipeleki mwenyewe.

Baba yako,
Asajile Mwasyoge


Tukuyu
24 Mei 2025

Kwa Bwana Mkhize, Nahodha

YAH: KUMKABIDHI MTOTO BONIFACE

Ndugu,

Nakusalimu wewe, mkeo na watoto. Mimi ni baba wa Boniface, kipa wako. Hatujaonana.

Kwetu mtoto akienda kukaa chini ya mtu, baba yake humshika mkono na kumkabidhi, na anayempokea husema mbele ya watu, nimempokea. Kabla ya hapo mtoto ni mgeni katika nyumba ile, na mgeni hapazi sauti. Mimi sikufanya hivyo. Kwa hiyo mwanangu amekaa kwenu miezi hii yote kama mgeni sebuleni, akingoja kukaribishwa.

Leo ninamkabidhi kwako. Ni mdogo wako. Akikosea mkanye. Ukiona inafaa, mchape. Akiugua, niambie. Akifanya vema, mwambie yeye, mimi nitasikia.

Nakuomba jambo moja. Umpe ruhusa ya kukuita na kukuamuru uwanjani, wewe na wenzako, kama wajibu wake unavyodai. Mimi nimempa ruhusa yangu, lakini haitoshi. Ruhusa hutolewa na anayeitwa.

Wako,
Asajile Mwasyoge


Glenwood, Durban
8 Juni 2025

Baba, shikamoo.

Imefika kwa mwenyewe. Nitakueleza kwa utaratibu.

Niliitafsiri jioni tatu. Ile sentensi ya kuchapa niliiacha. Sheria za hapa sizijui zote, na niliogopa nahodha angedhani sisi ni watu wa namna fulani. Jana Jumamosi nikaenda mazoezini. Marie-Claire alifunga saluni yake akanisindikiza. Mwenyewe alisema anakwenda kuangalia wanaume, nami nilijua anakwenda kuhakikisha sigeuki. Nilijaribu kugeuka. Tulikuwa tumeshuka taxi kwenye robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, karibu na uwanja, nikamwambia labda leo wana shughuli nyingi. Akanishika kiwiko. "Ule iko mutu tu, Bupe. Iko na mikono mbili na njaa. Tembea."

Nahodha alikuwa anafungua viatu kwenye benchi. Ni mtu mnene wa mabega, mwenye kovu kidevuni. Nilikuwa nimeandaa maneno. Yote yalinitoka, nikampa bahasha kwa mikono miwili nikapiga goti kidogo, kama vile nampa mjomba chakula. Mbele ya wachezaji wote, Baba! Mmoja akacheka. Nahodha hakucheka. Aliipokea kwa mikono miwili.

Akasoma akiwa ameinama, kisha akasimama, kisha akakaa tena. Akaweka karatasi zote mbili gotini, yako na yangu. Akasema, "Ya baba yako ina mstari mmoja zaidi. Hapa katikati. Umeacha nini?"

Nikasema si kitu cha maana.

"Dada, mzee amesumbuka kuniandikia. Sema."

Nikamwambia. Amesema, ukiona inafaa, mchape.

Baba, alicheka mpaka akafuta macho. Akawaita wenzake, "Njooni msikie! Huyu mzee ni wa kwetu Eshowe huyu, ni baba yangu mwenyewe!" Halafu akatikisa kichwa. "Eish. Mimi nimezaliwa kijijini. Kwetu mke wa kaka yangu hatamki hata jina la baba mkwe. Nimekaa naye miezi mitatu nikidhani kijana ana kiburi, au ananiogopa. Kumbe ananiheshimu, na heshima yake inatufungisha."

Akamwita Boniface, aliyekuwa amejificha nyuma ya mifuko ya magongo na alitamani ardhi immeze, nilimwona. Akamshika mkono mbele ya wote. Akasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kizulu, kwamba amempokea. Halafu akamwambia, "Jina langu usiniite, kama linakushinda. Sisi akina Mkhize tuna jina la ukoo, Khabazela. Ni la babu zetu. Ukilipaza hunitukani, unanisifu. Hata mke wangu akitaka nitoke kitandani huniita hivyo. Haya, niite."

Boniface akalitamka.

"Hilo umemwambia shati lako. Niite mimi."

Akalirudia. Nahodha akamrudisha mpaka golini, yeye akasimama katikati ya uwanja akampa mgongo. "Sigeuki mpaka nisikie!" Tukangoja. Marie-Claire akashindwa, akapiga kelele kutoka kwenye uzio, "Boni, ita mutu, jua linazama!" Wakacheka wote. Na katika kicheko kile sauti ikatoka. Haikuwa kubwa. Lakini nahodha aligeuka.

Bwana Pillay akasema yeye hana jina la babu la kupiga kelele, aitwe Anna, ambalo kwa Kitamil chao eti ni kaka mkubwa. Kocha alikuwa ameegemea mlango wa chumba cha mazoezi. Aliangalia saa yake akaingia ndani. Sijui maana yake. Mwisho wa Juni haujabadilika.

Nimeandika yote kama yalivyokuwa.

Mwanao,
Bupe


Westville, Durban
29 Juni 2025

Baba na Mama,

Shikamooni. Nadhani mliona jana, lakini mlichokiona hakikuonyesha yaliyofuata.

Tulifungwa mbili kwa moja. Bao la pili lilikuwa kosa langu, niliwahi mno kutoka golini. Lakini kona ya mwisho niliona mchezaji wao aliyejificha nyuma ya Bwana Pillay, nikaita Anna, akageuka akamwahi. Baadaye Khabazela alinipiga kofi la kisogoni mbele ya kamera, akaniambia hilo limetoka Tukuyu.

Kocha alituita mmoja mmoja. Nimebaki mimi. Nina mkataba wa miaka miwili. Keegan ameambiwa aondoke. Alikuwa anafungasha vitu vyake nikamsaidia. Aliniachia pedi zake za zamani. Sijafurahi kama nilivyotazamia. Nadhani nitafurahi baadaye.

Kuna jambo moja. Desemba timu itakuwa ziarani Ulaya, na Januari ligi inaanza mapema. Sitaweza kuja Krismasi. Nilitaka kuomba ruhusa, ila Khabazela amesema mchezaji wa mwaka wa kwanza haombi. Baba, mwambie Mama nitakuja mwakani.

Mwanenu,
Boniface


Glenwood, Durban
6 Julai 2025

Baba, shikamoo.

Boniface amewaandikia matokeo, kwa hiyo sitayarudia. Nilikuwepo. Nilikaa upande wa goli lake kipindi cha pili na nilisikia sauti ambayo sikuijua. Ni nzito, Baba, ina mkwaruzo. Nilimtafuta mtu anayepiga kelele namna ile kabla ya kuelewa kwamba ni yeye. Wale watu wazima walikuwa wakisogea kila inapowafikia.

Baada ya mechi nilingoja penye maegesho, na chakula nilichompikia. Alitoka na wenzake, wanaingia kwenye gari la nahodha kwenda kusherehekea. Aliniona. Akainua mkono, akaniita kutoka kule mbali, "Bupe! Bupe, njoo huku, tunakungoja!"

Niligeuka nyuma kuangalia ni nani anaitwa.

Hajawahi kuniita jina tupu, siku zote dada. Hata alipokuwa hajui kutamka maneno mengine, hilo alilijua. Yeye mwenyewe hakusikia alichosema. Nilikwenda, nikapanda gari, nikacheka na wenzake, wakala chakula chake wote. Nataka niseme nilifurahi. Nilifurahi kweli. Nyumbani nikamwambia Marie-Claire, akasema, "Si ulitaka apige kelele? Njo hiyo kelele sasa." Kisha akaona uso wangu, akanichemshia chai.

Nilikuwa nimesubiri miaka minne aje mtu wa kwetu. Alikuja, akakaa kidogo, na sasa yuko hapa na simwoni. Msimwambie haya. Hakunikosea.

Karatasi zangu bado hazijatoka.

Mwanao,
Bupe


Tukuyu
18 Julai 2025

Bupe binti yangu,

Marahaba. Leo sina cha kuweka kwenye YAH.

Tuliisikia sauti hiyo. Ukumbi mzima uliinuka, kinyozi akamkumbatia mchungaji, na watoto tangu siku ile wanaitana Khabazela barabarani bila kujua ni babu wa nani. Mimi nilibaki nimekaa. Mama yako alinigusa akauliza, "Ni yeye huyo?" Nikamwambia ni yeye. Akasema, "Lini amekuwa na koo hilo?" Nilidhani ninaijua sauti ya mwanangu.

Barua yako sikumsomea yote. Nilifika pale penye maegesho nikaruka mstari, kama ulivyoruka wewe kwenye yangu. Lakini yeye ni mama. Aliniambia nirudi nilikopita. Nikamsomea. Akauliza kama huko kuna baridi, na kama una blanketi la pili.

Nimewaza sana jinsi ya kumwonya. Nilianza barua kwake: kwamba uwanjani ni uwanjani, kwamba dada ni dada, kwamba akirudi hapa asituletee sauti ile mezani. Nikaiandika kwa mpangilio, na hoja zake. Nikaisoma nikaona mezani penyewe tumekaa wawili, mimi na mama yako, tunapeana chumvi kwa adabu.

Sitaituma. Aje na sauti hiyo. Apige kelele atakavyo, aniite mimi Asajile, akuite wewe Bupe, avunje na kikombe. Na wewe karatasi zikitoka usiandike kwanza, panda basi. Bora mje.

Baba yenu,
Asajile